Kiwango cha Kawaida kwa Umri Wake

Katika chumba cha eksirei cha kliniki ya meno, ndani ya hospitali, neno lililosikika kuliko yote lilikuwa "tulia". Aliyelisema alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi mweusi, na watoto ndio waliomwita Mama Tulia. Jina hilo lilitoka chumbani, likapita mapokezi, likafika hadi kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni. Jina la kwenye vyeti lilibaki kwenye vyeti.

Mashine yake ilikuwa ya kuzunguka kichwa. Mtoto husimama, huegemeza kidevu, hung'ata kijiti cha plastiki, na mkono wa mashine humzunguka kutoka sikio hadi sikio kwa sekunde kumi na nne. Akitikisika, taya hutoka limepinda kama limeyeyuka, picha hutupwa, na mtoto hupigwa mionzi mara ya pili. Mama Tulia alilichukia jambo hilo kama wengine wanavyochukia uongo.

"Huyu hata akilala hatulii," mzazi mmoja alimwonya.

"Atatulia. Mvalishe hiyo aproni. Ni nzito, ina madini ya risasi, haitaki mchezo. Haya, mwanangu, wewe ni sanamu. Sanamu humeza mate?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Na sanamu hutikisa kichwa?"

Mtoto akaganda. Mkono wa mashine ukazunguka, ukasimama, na picha ikatokea kwenye skrini: meno ya utotoni juu, meno ya ukubwani chini yake yamejificha ndani ya mfupa, yakingoja zamu.

Alikuwa amezitazama picha za namna hiyo kwa miaka ishirini na sita bila ruhusa ya kusema alichokiona. Kazini kwao anayepiga hasomi. Mzazi akimuuliza, "Kuna nini?" alijibu, "Daktari atakwambia," hata pale alipoona kwenye mzizi jipu kubwa kama kunde. Kuna waliodhani hajui. Alijua. Alikwenda nyumbani na kujua kwake.

Ndipo akaja daktari bingwa na utafiti wake. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye kola, anayeongea taratibu kama anayesoma imla, na alikuwa na wazo moja jema. Watoto wengi hupigwa picha za meno, alisema, na kila picha huchukua taya zima. Ndani, mfupa si jiwe. Ni wavu. Wavu wa mtoto mwenye mifupa mizima umesukwa karibu karibu, wa mtoto mwenye mifupa dhaifu una matundu. Kama picha ilishapigwa kwa ajili ya jino, kwa nini isitumike kuutazama na wavu, bila kumwongezea mtoto mionzi hata chembe?

Programu yake ilifanya hivyo. Mpimaji anachora mraba mdogo kwenye taya la chini, kompyuta inaugeuza mraba huo kuwa mistari myeupe na myeusi, kisha inautolea namba. Wavu uliosukwa vizuri hupata namba kubwa, wavu wenye matundu hupata ndogo. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kuchora. Kwa mtu mzima mraba unawekwa popote chini ya mizizi. Kwa mtoto, mfupa umejaa meno yanayosubiri, na mraba ukigusa ukingo wa jino moja tu, namba inakuwa takataka. Wanafunzi wa bingwa walichora miraba kwa wiki mbili, takataka ikajaa faili.

Siku moja Mama Tulia, akipita nyuma yao na aproni begani, alisema, "Hapo umekanyaga jino."

"Wapi?"

"Hapo, kona ya kushoto. Kile kivuli si mfupa, ni ganda la jino. Shuka, sogea nyuma kidogo. Hapo."

Bingwa alisikia. Kesho yake akampa kiti, kompyuta na funguo za faili zote. Kwenye ratiba ya zamu, mbele ya jina lake la utani, likaongezwa neno "mpimaji". Mama Tulia hakumwambia mtu kwamba alisimama mbele ya ratiba ile mara tatu siku hiyo, akijifanya anatafuta zamu ya Alhamisi.

Ili kujua mfupa upi ni dhaifu, kwanza ilibidi wajue mfupa mzima ukoje. Walihitaji watoto themanini na wanne wasio na ugonjwa, waliogawanywa kwa umri. Hapo kazi ikawa ngumu, maana mtoto mzima haji kupigwa picha, na huwezi kumpiga mionzi asiyeumwa ili upate namba. Wakachagua kutoka kabatini: watoto waliokuja kwa sababu ya jino lililooza au meno yaliyobanana, ambao kadi zao zilionyesha hawana tatizo la mifupa.

Kadi ilikuwa na maswali kumi na moja. Swali la tisa liliuliza kama mtoto amewahi kuvunjika mfupa, mara ngapi, na kwa sababu gani. Karibu kadi zote zilikuwa na kistari mbele ya swali hilo.

Kila mtu kwenye kliniki ile alijua kistari kina maana gani. Karani wa mapokezi hata hakuficha. "Foleni inafika getini," alisema, "mtoto analia, mama yake analia, nami nianze kuuliza nani alivunjika nini mwaka gani? Naweka kistari, maisha yanaendelea." Kistari kilikuwa na maana ya sikuuliza. Programu ilikisoma kuwa ni hapana. Mama Tulia aliliona hilo siku ya kwanza, akamtajia bingwa mara moja, bingwa akasema kwamba kama kungekuwa na ugonjwa mtu angeuandika, na yeye akaliacha hapo. Alikuwa na kiti kipya. Hakutaka kuwa mtu wa kulalamika akiwa bado anakipasha joto.

Kundi la miaka sita hadi minane lilipungukiwa mtoto mmoja. Majedwali yalitakiwa Ijumaa, na ilikuwa Alhamisi.

"Ninaye," Mama Tulia alisema. "Mtoto wa mdogo wangu. Nilimpiga mwezi uliopita, alikuwa na jipu."

"Kadi yake?"

"Ina kistari kama zote. Lakini huyu namjua, ni damu yangu. Ana afya, anaongea kutwa nzima."

Aliwahi kuvunjika mkono akiwa na miaka minne, alipodondoka kitandani. Mama Tulia alilikumbuka, akalipima, akaona halina uzito. Mtoto gani hajadondoka kitandani? Picha ikapewa namba thelathini na moja, jina likafutwa kama taratibu zilivyotaka, na majedwali yakaondoka Ijumaa asubuhi.

Mtoto huyo waliyemwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na hakuwa amenyamaza tangu hapo, aliishi na baba yake nyuma ya karakana ya useremala. Mama yake alifariki Chiriku akiwa na miaka miwili. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alijifunza kusuka nywele kwa kutazama, na akazisuka vibaya. "Shangazi, baba amenisuka kama mlango," Chiriku alishtaki, na Fundi akajibu kutoka ndani, akiwa na misumari mdomoni, kwamba mlango wake haujawahi kurudishwa na mteja.

Mama Tulia alimzidi Fundi miaka kumi na miwili. Ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemsimamisha nyuma yake baba yao aliporudi nyumbani na hasira. Baba yao alikuwa na mkono mwepesi. Hakumpiga mtoto kwa kosa, alimpiga kwa jinsi siku yake ilivyokwenda. Fundi alikua akawa na mabega yake, kucheka kwake, hata ile namna ya kunyamaza kwanza kabla ya kujibu. Mama Tulia alimpenda mdogo wake, na mara nyingine, alipomwona amenyamaza hivyo, alijikuta akimtazama mikono.

Mwaka huohuo Chiriku alivunjika kifundo cha mkono. Miezi mitano baadaye ukawa mfupa wa bega. Mwalimu wake alianza kuandika tarehe kwenye daftari. Kisha asubuhi moja ya Jumatatu Fundi alimleta hospitali mbio, taya limevunjika upande wa kulia, damu imekaukia kwenye kola ya sare ya shule.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja siku hiyohiyo, mwanamke mwenye mkoba mkubwa na sauti ya upole iliyochoka. Alimhoji Fundi kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei, na Mama Tulia alisikia kila neno kupitia mlango.

"Aliteleza wakati ananawa," Fundi alisema. "Kidevu kikagonga ukingo wa ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya maji."

"Nauliza ya chuma au ya plastiki."

"Plastiki."

"Baba, ndoo ya plastiki ivunje taya?"

"Niseme ya chuma ndiyo mfurahi?"

"Usinikasirikie, baba. Mimi naandika tu."

"Basi andika ndoo."

Akanyamaza. Mama Tulia aliijua namna ile ya kunyamaza.

Taya lilifungwa kwa waya, juu na chini, ili lishikane. Chiriku alikula kwa mrija na hakuweza kutamka kitu. Afisa alipompa kalamu, aliandika kwa herufi kubwa: NDOO. Afisa aliitazama karatasi, akasema watoto hufundishwa.

Ni Fundi mwenyewe aliyemfuata dada yake. Alisimama mlangoni pa chumba cha eksirei, kofia mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Dada, ile mashine yenu mpya. Ile inayopima mifupa. Mpime mwanangu."

"Una hakika?"

"Mtoto anavunjika kama chaki. Mimi sijui kwa nini. Wewe utajua."

Mwenzake Mama Tulia, mpiga picha wa zamu ya pili, alikuwa likizo. Angeweza kumwomba bingwa atafute mtu wa hospitali nyingine, asiye na undugu na mtoto. Hakuomba. Alisema moyoni kwamba hakuna aliye makini kuliko yeye, na ilikuwa kweli.

Alimpima mara tatu. Alichora mraba kwa upande mzima, mbali na palipovunjika, mbali na jino lolote. 1.13. Akafuta, akachora upya: 1.13. Mara ya tatu 1.14. Kwa watoto wa miaka sita hadi minane, jedwali lao lilisema mfupa mzima ni kuanzia 1.12 hadi 1.38. Skrini iliwaka kijani.

Mtoto alikuwa chini, lakini ndani ya mstari. Ripoti iliandikwa kwa sentensi moja: muundo wa mfupa wa taya upo ndani ya kiwango cha kawaida kwa umri wake. Mama Tulia aliweka sahihi mahali pa mpimaji, bingwa akaweka yake chini.

Alimwambia Fundi mwenyewe, karakana, jioni jua lilipokuwa bado juu. Fundi aliweka randa chini.

"Inasema ni mzima," alisema Mama Tulia.

"Rudia kupima."

"Nimerudia. Mara tatu. Mashine haina baba wala shangazi, inasema ilichokiona."

"Na wewe umeona nini?"

"Nimeona namba."

"Sijakuuliza namba, dada."

Hapo angeweza kunyamaza. Badala yake alisogea karibu, akashusha sauti, kama anayemsaidia. "Mimi si ustawi. Tuko wawili tu hapa. Na mimi nilimjua baba, najua inavyokuja, mtu hapangi. Niambie. Ulimpiga?"

Fundi alimtazama. Uso wake haukuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomsumbua Mama Tulia baadaye, kwamba aliisubiri hasira na haikuja.

"Nenda nyumbani, dada," alisema.

Chiriku alipelekwa makao ya watoto wiki iliyofuata. Baba yake aliruhusiwa kumwona Jumamosi, saa nne hadi saa sita, mfanyakazi wa makao akiwa amekaa kiti cha tatu. Jumamosi ya kwanza waya ulikuwa bado mdomoni. Walikaa wakatazamana saa mbili nzima, na mfanyakazi akaandika kwenye daftari lake kwamba baba na mtoto hawakuzungumza.

Mama Tulia alikwenda kumwona Jumapili, siku ya ndugu wengine. Fundi alipojua, aliacha kupokea simu zake. Mtaani watu walimuuliza shangazi, si baba, kwa kuwa shangazi ndiye aliyefanya kazi hospitali na ndiye aliyejua. "Ni kweli?" walimuuliza. Alijibu kwamba ripoti ya daktari ipo. Jibu lilikuwa sahihi, na kila aliyelisikia alikwenda nalo akijua la kuamini. Wateja wawili walichukua mbao zao karakana kabla milango haijakamilika.

Ilipita miezi minne. Utafiti ulichapishwa, bingwa akaitwa kuufundisha kwenye kliniki nyingine, naye akamwomba Mama Tulia amwandalie picha za mfano: kwa kila umri, mtoto mwenye namba ndogo kabisa na mwenye namba kubwa kabisa, ili wanafunzi waone kiwango kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Alianza na miaka sita hadi minane. Kompyuta iliwapanga watoto kumi na wawili kutoka chini kwenda juu. Wa chini kabisa alikuwa namba thelathini na moja, 1.12. Aliyefuata alikuwa na 1.22.

Akaifungua picha.

Jina halikuwepo, lakini meno yalikuwepo. Juu kushoto palikuwa na jino la ukubwani lililogeuka ubavu ndani ya mfupa, kama mtu aliyelala akiwapa wenzake mgongo. Mama Tulia alikuwa amelitazama jino lile mara tatu, miezi minne iliyopita, kwenye picha ya taya lililovunjika. Alivaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena.

Mstari wa chini wa kiwango cha kawaida ulikuwa Chiriku. Pale ilipoulizwa kama mfupa wa mtoto huyu ni mzima, mashine ilitafuta mtoto dhaifu kuliko wote kati ya waliosemekana ni wazima, ikamkuta ni yuleyule, ikasema ndiyo. Alikuwa amelinganishwa na yeye mwenyewe, na aliyempanga pale alikuwa shangazi yake.

Aliiondoa namba thelathini na moja, akaiambia kompyuta ihesabu upya. Kiwango kikaanzia 1.22. Akaiingiza ile 1.13. Skrini ikawaka nyekundu.

Bingwa alikuwa ofisini kwake, akipanga makaratasi ya safari. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Ni mtoto mmoja kati ya themanini na wanne," alisema.

"Ni mmoja kati ya kumi na wawili wa umri wake. Na ndiye aliyeshika mstari."

"Ulimleta wewe."

"Nilimleta mimi."

"Ulisema unamjua."

"Nilisema hivyo. Nikasema ni mzima, na nilijua alishavunjika mkono. Na vile vistari, daktari, tulijua wote ni vya nini."

Bingwa alikaa. Alitazama nje, kwenye maegesho, ambako mlinzi alikuwa akibishana na mtu wa pikipiki. "Kuna watoto tisa wa umri huo niliowapitisha kwa mstari huu," alisema. "Tisa. Nimeandika kwa wazazi wao kwamba hakuna tatizo."

"Basi tuwaite."

"Unajua itasemwaje?"

"Isemwe."

Bingwa alichukua siku sita, na haitakuwa haki kumwita mtu mbaya, maana wengine wasingeandika kabisa. Aliandika. Barua kwa ustawi wa jamii ilisema kwamba baada ya mapitio ya takwimu imebainika dosari katika uteuzi wa kundi la kulinganisha, iliyofanywa na mpimaji, na kwamba matokeo ya awali yachukuliwe kuwa hayafai. Vistari havikutajwa. Neno "mpimaji" liliondolewa kwenye ratiba ya zamu. Mama Tulia alirudi kwenye aproni zake bila kusema kitu, kwa kuwa kila kilichoandikwa kwenye barua ile kilikuwa kweli, na kilichokosekana hakikuwa cha kumsaidia Fundi.

Chiriku alipelekwa kwa daktari wa mifupa kwenye hospitali kubwa. Daktari yule, mzee mwenye haraka, hakuuliza kwanza habari za picha. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuzia dirishani, akamtazama macho.

"Huu weupe wa macho una rangi ya buluu," alisema. "Amezaliwa nao?"

"Ni macho ya mama yake," Fundi alijibu. "Ndiyo niliyompendea."

Daktari akaandika. Ulikuwa ugonjwa wa kurithi, alieleza, mfupa unaosukwa na uzi mbovu. Mtoto kama huyo huvunjika kwa ndoo, kwa kitanda, kwa kukumbatiwa vibaya. Kuna dawa za kupunguza, si za kumaliza. Kisha akauliza, akiwa bado anaandika, kwa nini mtoto hakuletwa miezi mitano iliyopita, taya lilipovunjika.

Fundi alipata karatasi ya kumrudisha mwanawe siku ya ishirini na tatu baada ya hapo. Afisa wa ustawi alimpa mkono, akamwambia pole, na akasema kwamba yeye alifuata ripoti. Fundi akamjibu kwamba anajua.

Aliyerudi nyumbani alikuwa mtoto mwingine kidogo. Taya lilikuwa limepona, sauti ipo, lakini aliomba ruhusa kabla ya kufungua bomba. Alikula kilichowekwa mbele yake, akashukuru, akaosha sahani. Makao walimsifu kwamba hakuwasumbua hata siku moja. Ujirani ulirudi polepole, wateja nao wakarudi, wakijifanya walikuwa wamesafiri.

Mama Tulia alikwenda karakana mara mbili. Mara ya kwanza Fundi alikuwa anapiga randa na hakusimamisha. Mara ya pili mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na msumeno ukisikika.

Walikutana kliniki, mwezi wa pili baada ya mtoto kurudi, Chiriku alipokuja kwa picha ya kuangalia jinsi taya lilivyounga. Fundi alisimama dirishani kwa karani.

"Nani yuko zamu?"

"Mama Tulia."

"Mwingine?"

"Anaingia saa nane."

"Tutamsubiri."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Walikaa kwenye benchi, baba na mtoto, wakiwa na chupa ya maji kati yao. Mama Tulia alipiga picha za watoto sita huku akiwaona kila mlango ulipofunguliwa. Kwenye saa tano alitoka, akaketi mwisho wa benchi.

"Nilitaka kukuomba radhi," alisema.

"Nimeipata barua."

"Ile ni ya hospitali."

Fundi alitazama ukutani, kwenye bango la kufundisha kupiga mswaki. "Siku ile nilipokuja kukwambia mpime," alisema, "unadhani nilikuja kwa mashine? Mashine naijulia wapi mimi? Nilikuja kwako. Nikasema, dada atamtazama mwanangu, kisha atanitazama mimi, atajua." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa vipimo vya dirisha. "Ukanitazama ukamwona baba."

Mama Tulia alimgeukia mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa rahisi zaidi.

"Shikamoo, shangazi," Chiriku alisema.

"Marahaba, mama. Hujambo? Huumwi popote?"

"Sijambo. Siumwi."

Alisema upesi mno. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, kiganja juu, na wa kulia umeufunika. Mama Tulia alikuwa ametumia miaka ishirini na sita kuwatazama watoto wakijishikilia. Aliinama, akauinua ule mkono wa juu taratibu, kabla mtoto hajawahi kuuvuta. Kidole kidogo kilikuwa kimevimba, kimegeuka rangi hadi kwenye kifundo.

"Kimevunjika hiki," alisema. "Kina siku tatu, nne."

Fundi aligeuka. "Mashine imesema?"

Lakini tayari alikuwa amepiga magoti sakafuni, akaushika ule mkono kwa viganja vyote viwili, vikubwa, vyenye makovu ya patasi, akiwa hathubutu kukunja vidole vyake.

"Hakiumi, baba," Chiriku alikuwa akisema. Alimtazama shangazi, akamtazama karani dirishani, akamtazama mlinzi, akitafuta ni nani kati yao ataandika. "Kweli hakiumi. Sijaanguka. Usiwaambie nimeanguka."

Fundi alimbeba, akatoka naye kupitia mlango wa upande, kuelekea jengo la mifupa. Mama Tulia alisimama, akapiga hatua mbili kuwafuata. Karani akaita jina la mtoto mwingine, mara moja, kisha mara ya pili.